Mkojo Wetu Umefika Bulaya

Banakuyaka, banakamataka, banaendaka. Ndivyo tunavyosema hapa Lubumbashi tukiona gari jeupe limesimama kwenye kona na vijana wenye makoti meupe wanateremsha sanduku la barafu. Hatuna ubaya nao. Wengi wao ni watoto wetu wenyewe, wamesomea UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kule barabara ya Kasapa, wanasema Kiswahili chetu, wanasalimia wazee kwanza ndipo watoe kalamu. Wanaeleza kwa upole kwamba wanahitaji mkojo kidogo, damu kidogo, vumbi la chini ya kitanda, konzi moja ya udongo wa lupango, yaani kiwanja cha nyumba, na mama akiruhusu, majani machache ya lengalenga iliyoota pale mlangoni. Tunatoa. Tunatia saini karatasi ya Kifaransa, na asiyejua kuandika anatia kidole. Tunapewa sabuni, siku nyingine na sukari juu yake. Sanduku linafungwa, gari linaondoka, vumbi linabaki.

Halafu kimya.

Miezi ya kwanza tunauliza. Baadaye tunauliza kwa mzaha. Mtoto aliyetoa mkojo akiwa anatambaa anaanza shule, na sisi bado hatujui kama ule mkojo ulikuwa mzuri au mbaya. Fundi akikupima suruali, unamngojea na suruali. Sisi tunapimwa tangu enzi za Wabelgiji, na suruali hatujaiona.

Tuliseme mapema ili tusieleweke vibaya: hatukatai kupimwa. Watu wa mbali wakisikia manung'uniko yetu hudhani tunaogopa sindano, au mchungaji fulani ametukataza hospitali. Mchungaji wa namna hiyo yuko, hatubishi, lakini siye tunayemzungumzia leo. Tunachosema ni kwamba kazi hii inakatika katikati. Inaanza kwenye mlango wetu, inapita maabara, inaingia kwenye jarida, na inaishia hukohuko kwenye jarida. Njia ya kurudi mpaka mlangoni hakuna aliyeilipia.

Mengi ya yaliyoandikwa juu yetu tumeyajua kwa kuzunguka. Jioni moja umeme umekatika kama kawaida, mtoto wa jirani anayesoma udaktari alitufungulia simu yake na kututafsiria, mstari kwa mstari, Kiingereza kwenda Kiswahili, akikwama anapitia Kifaransa. Ndipo tukasikia kwamba mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake wa Ubelgiji, akiwemo Profesa Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven, walichapisha makala katika jarida la Environmental Research. Walikuwa wamekusanya mkojo wa watu 351 wa Katanga, wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda na wale wa mbali, na chupa zikapimwa Ubelgiji. Zaidi ya nusu ya wanaokaa karibu walikuwa na kobalti mwilini kupita kiwango kinachowekwa kwa wafanyakazi wa viwandani, na watoto ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Watafiti wakaandika kwamba kwa watu wa kawaida, wasio wafanyakazi, viwango vile vilikuwa vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa mpaka siku hiyo.

Papa mmoja mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha munkoyo, akacheka mpaka akakohoa. "Kama tuko ba kwanza mu dunia muzima," akasema, "medaye yetu iko wapi?"

Tulicheka wote. Lakini tulipotawanyika kila mtu alikwenda na hesabu yake kichwani. Mama mmoja anayelima mboga bondeni aliuliza swali la maana kuliko sote: hiyo kobalti inapita wapi kuingia? Mtoto wa jirani akatafuta tena. Kuna makala nyingine ya 2014, ya timu hiyohiyo, iliyofuatilia njia zenyewe. Njia kubwa ni kula: mboga na vyakula vinavyotoka kwenye udongo wa hapahapa. Kwa watoto, vumbi linaongezea sana, maana mtoto anacheza chini na mikono anaipeleka kinywani. Kwa hiyo ni bukari na lengalenga, matembele na sombe. Ni sakafu ya nyumba. Ni vitu ambavyo hatuwezi kuvikimbia labda tuache kula na kulala.

Tangu siku hiyo yule mama anaosha mboga kwa maji mawili. Anajaza beseni, anatikisa majani, anamwaga. Anajaza tena, anaangalia chini ya beseni. Chini kunabaki unga mwembamba wa rangi ya kutu. Anauonyesha majirani kwa kidole bila kusema neno. Hakuna aliyemfundisha hivyo kutoka kanda ya afya, ni yeye mwenyewe aliyejipangia. Wala hajui kama inasaidia, kwa sababu kilichoingia ndani ya jani kupitia mzizi hakitoki kwa kuoshwa. Mtu wa kumwambia hayo yupo, ana shahada, pengine yupo kilomita 5 kutoka hapo. Hajatumwa.

Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tanuru liliwashwa mwaka uliofuata. Lile bomba la moshi na mlima mweusi wa mabaki tumevichora kwenye fulana na kalenda, tunapiga picha za harusi navyo nyuma. Ni alama yetu, tunavipenda, usituulize kwa nini. Lakini upepo wa hapa sehemu kubwa ya mwaka unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo miaka na miaka moshi ulielekea upande mmoja, upande wa Penga Penga na jirani zake. Kuna viwanja huko ambako udongo ulibaki uchi, hata majani ya mwituni yalikataa kuota. Watu wa kilimo wa UNILU, Profesa Mylor Ngoy Shutcha na wenzake, walijaribu kuotesha nyasi za kwetu zinazovumilia shaba, wakachanganya udongo na chokaa na mboji ili sumu itulie na vumbi lisipeperuke. Tunawapa heko. Huo ni utafiti uliokuja na jembe. Tunataka kujua tu kwa nini jembe lilifika kwenye viwanja vya mfano tu, halikufika kartie nzima.

Kule Kolwezi mambo ni mazito zaidi. Huko Kasulo watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014, wakachimba mashimo ndani ya malupango, wengine sebuleni. Timu ileile ya Lubumbashi na Leuven ilipima wakazi 72, kati yao watoto 32, na mwaka 2018 matokeo yakatoka katika Nature Sustainability: kobalti katika mkojo wa watoto wa Kasulo ilikuwa mara 10 ya watoto wa mahali pengine, na dalili za uharibifu wa vinasaba zilionekana. Makala ilisomwa London, ikasomwa California kunakobuniwa simu, ikanukuliwa kwenye mikutano ya magari ya umeme. Kasulo kwenyewe, walioisoma ni wale waliokuwa na mtoto wa jirani kama wa kwetu.

Lakini lililotukaa rohoni ni la Aprili 2020. Mkumbuke mwezi ule ulivyokuwa. Tarehe 1, katika televisheni ya Ufaransa ya LCI, daktari mmoja na mtafiti mmoja walizungumza kama vile chanjo ya BCG ingefaa kujaribiwa Afrika dhidi ya korona, kwa sababu huku hakuna barakoa wala matibabu. Siku 2 baadaye Profesa Jean-Jacques Muyembe, yule mtaalamu wa Ebola tunayemheshimu, akasema Kinshasa kwamba Kongo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo. Nchi ikawaka. Simu zetu zilijaa sauti za kulaani, kuanzia Katuba mpaka Ruashi. Ikabidi mzee aeleze upya kwamba Wakongo hawatageuzwa panya wa majaribio. Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani, Tedros, naye akalaani maneno ya wale wa televisheni na kuyaita ya kibaguzi. Haki yake kabisa.

Mwezi huohuo, bila kelele yoyote, jarida la The Lancet Planetary Health lilitoa utafiti uliofanyika katika hospitali za uzazi za Lubumbashi. Si wa kesho, si wa pendekezo la televisheni. Ulikuwa umekwisha kufanyika, na sisi ndio tuliokuwemo. Daan Van Brusselen, Tony Kayembe-Kitenge na wenzao walichukua watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana kwa macho, wakawalinganisha na wengine 108 waliozaliwa salama. Mtoto ambaye baba yake anafanya kazi ya madini, hatari yake ilitokea kuwa mara 5.5 ya mwingine. Hesabu hiyo ni ya kuchukuliwa kwa tahadhari, idadi yenyewe ndogo, kwa hiyo ukweli unaweza kuwa chini sana ya hapo au juu sana. Na kuna jambo la pili ambalo halikutajwa sana: kasoro zilionekana kwa uchache zaidi kwa watoto wa mama waliokunywa vitamini wakati wa mimba.

Vitamini! Hatukuambiwa kuhamisha mji wala kuzima viwanda. Vidonge tu. Sasa mtu aende siku yoyote ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito, kwenye kituo cha afya cha cité, akae kwenye benchi na mama zetu tangu saa 12 asubuhi, asikilize mafundisho. Atasikia habari za neti ya mbu, za kunyonyesha, za kuzaa kwa mpango. Mafundisho mazuri. Atasikia pia kwamba vidonge vimekwisha, nendeni famasi. Hatasikia mtu akisema: mama, mume wako anafanya kazi kwenye madini, basi wewe vidonge hivi usikose hata siku moja, na sare yake ya kazi usiifue pamoja na nepi. Maana tunafua pamoja. Beseni ni moja, maji yanachotwa mbali, na sabuni ni ileile tuliyopewa na watafiti. Maji yanageuka kijivu chenye kijani kwa mbali, tunakamua, tunaanika. Hakuna aliyetuambia, wakati wanaojua wanafika 2, 3, 10, wana majina yao kwenye makala.

Hapo ndipo tunapowakumbuka batumbula. Kijana wa leo atacheka, lakini bibi zetu hawakucheka. Wakati wa Wabelgiji ilisemekana usiku mji huu una watu wanaokamata Waafrika kwa niaba ya Wazungu. Ukitembea peke yako kwenye giza, hutaonekana tena. Wataalamu wa historia wameyaandika hayo kama uvumi, na hatudai kwamba ni kweli. Tunasema tu uvumi huo ulipata udongo wa kuota. Kampuni ilikuwa na madaktari waliopima kifua cha mfanyakazi, uzito wake, kinyesi chake, uzito wa mtoto wake, na vyote vikaingia daftari ambalo mwenyewe hakuruhusiwa kulifungua. Kati ya mji wa Wazungu na cité ya Weusi pakaachwa uwanda mtupu, na hoja iliyotolewa ilikuwa ya kiafya: malaria isivuke. Mtu anayepimwa bila kuambiwa na kutengwa kwa sababu ya afya ya mwingine, atakosaje kujaza mwenyewe sehemu ya hadithi isiyosemwa? Leo mambo yamebadilika, karatasi ya ridhaa ipo, kamati ya maadili ipo. Ila pale penye kimya, watu wanaendelea kujaza. Wiki iliyopita tu mtu alituambia kwa uhakika kabisa kwamba mkojo wetu unauzwa Bulaya kutengenezea betri. Tulimcheka, halafu mmoja wetu akauliza kwa sauti ndogo: sasa, na kobalti yote iliyomo?

Wala si sisi peke yetu. Ebola ilipoua watu zaidi ya 11,000 Guinea, Liberia na Sierra Leone kati ya 2014 na 2016, sampuli za damu kwa maelfu ziliondoka nchi hizo kwenda maabara za Ulaya na Marekani, na wenyewe wakabaki wanauliza zimehifadhiwa wapi na nani ana haki nazo. Kongo tuna hadithi yetu inayofanana. Damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, mwaka 1995, ndiyo iliyotoa kinga iliyokuja kuwa dawa ya Ebanga. Ilijaribiwa Kivu ya Kaskazini wakati wa mlipuko wa 2018 mpaka 2020, Muyembe akiwa mstari wa mbele, ikaokoa watu, na Desemba 2020 ikaidhinishwa Marekani. Hiyo tunaitaja kwa fahari, na kwa kweli ndiyo sampuli tunayotaka: damu ilitoka Kongo, dawa ikarudi mpaka kitanda cha mgonjwa wa Kongo. Hata hapo Médecins Sans Frontières walilalamika baadaye kwamba akiba kubwa ya dawa hizo imekaa Marekani. Angalau kilikuwepo cha kugombania. Sisi wa kobalti tutagombania nini? Jedwali namba 3?

Kuna wanaotuambia: mkishajua, mtafanya nini? Ni swali la kukatisha tamaa lakini lina ukweli wake, kwa sababu hapa mtu anaogopa hospitali kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 2018 waandishi wa Associated Press walizunguka hospitali na zahanati zaidi ya 20 za Lubumbashi, na walipata moja tu isiyokuwa na mazoea ya kuzuia wagonjwa wasiolipa. Hatukuhitaji waandishi kutuambia. Kila lupango lina mtu aliyekwenda kumtoa shangazi yake kwa kuacha redio, televisheni, hata kitambulisho cha uchaguzi. Mama amejifungua Jumatatu, Ijumaa ya wiki ya pili bado yuko wodini anakunja kanga na kuikunjua, mtoto mzima, yeye mzima, ila karatasi ya deni haijapigwa muhuri. Kwa hiyo mtafiti anapokuja na kutaka tupeleke mtoto hospitali kwa vipimo zaidi, mzazi anahesabu mambo mawili: ugonjwa ambao haujaonekana, na mlango ambao anaujua vizuri.

Wazee wanaumia zaidi kwa sababu wao waliona kingine. Enzi ya Union Minière na baadaye Gécamines, mfanyakazi alikuwa na nyumba, poso ya unga kila mara, shule ya watoto na hospitali. Ulikuwa ubwana wa Kizungu uliorithiwa na ubwana wa serikali, hatuupambi. Lakini ukikohoa ulitibiwa. Kampuni ilipoanguka miaka ya 1990, hospitali ikabaki jengo. Kisha 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakachukua fedha ya mara moja na kukabidhi kadi zao. Hiari ile tunaijua sisi. Watu hao ndio waliopumua moshi miaka 20 na 30. Ukitaka kujua kobalti na shaba na risasi vinafanya nini mwilini baada ya muda mrefu, hao ndio wa kuwafuata, majina yao yote yapo. Wanazikwa mmoja mmoja, na kwenye cheti panaandikwa presha.

Tukigeukia fedha, zipo. Kongo inatoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Sheria ya madini ya 2018 inataka kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na katika mrabaha, asilimia 25 ni ya mkoa na 15 ya komini au sekta mgodi ulipo. Matunda mengine tumeyaona: kisima hapa, vyumba vitatu vya darasa pale, na bango kubwa kuliko kisima. Bango lililoandikwa "hapa damu ya watoto inapimwa madini bure" bado hatujalikuta. Wala daftari la mkoa la watoto wanaozaliwa na kasoro, ambalo kila wodi ya uzazi ingelijaza kila mwezi bila kungoja mradi wa Mzungu, hatujalionyeshwa. Daftari na kalamu, tunasema. Hata sisi tungechanga.

Watafiti wa hapa nao tumewasikiliza, si haki kuwapiga mawe. Kijana mmoja wa maabara alituambia kwamba fedha ya mradi inapokwisha, inakwisha siku ileile makala inapopokelewa. Bajeti ilikuwa na mstari wa barafu, mstari wa ndege ya sampuli, mstari wa posho ya dereva. Mstari wa kurudi kwenye kartie haukuwemo, na aliyeupanga mradi yuko mbali. Akajaribu kurudi kwa nauli yake mwenyewe, siku ya Jumapili, na karatasi mkononi. Nyumba ya kwanza wamehama. Nyumba ya pili akamwambia mama namba ya mtoto wake, mama akauliza dawa yake ni ipi. Kijana akasema dawa ya kutoa kobalti kwa mtoto wa namba ile hana, cha maana ni kuondoa chanzo. Mama akamwambia: "Docta, basi peleka ile karatasi kwa mwenye chanzo." Hakwenda nyumba ya tatu.

Na mwenye chanzo naye akipelekewa karatasi, ana jibu. Anasema madini yako kwenye udongo wa Katanga tangu Mungu aumbe. Ni kweli, hata mimea yetu inajua. Anasema moshi mbaya ulikuwa wa zamani. Ni kweli kiasi. Anasema utafiti hauonyeshi kwamba ni kiwanda chake hasa. Ni kweli pia, kwa sababu hakuna aliyepima kabla hajajenga. Kwa hiyo hata tunapowalalamikia watafiti, tunajua kwamba siku ya kukaa mezani hatutakuwa na karatasi nyingine isipokuwa yao. Ndiyo maana tunaitaka. Mwanasheria akituuliza mnaumwa nini, tukisema macho yanawasha na mimba zinatoka, tutaambiwa leteni vipimo.

Novemba 2025 tuliona tena. Bwawa la maji ya kiwanda kimoja katika komini ya Annexe, hapahapa Lubumbashi, lilivuja, maji yakaingia mitaani, watu wakayavuka na viatu mkononi, watoto wakacheza humo kama mvua imenyesha. Waziri wa Madini, Louis Watum, alifika na kusimamisha kazi za kiwanda kwa miezi 3. Tulipiga makofi. Siku zile chupa za sampuli zilikuwa nyingi kuliko chupa za bia: za serikali, za mashirika, za chuo, za watu tusiowajua. Kila mtu alichota. Walioloa miguu waliambiwa waoge kwa maji mengi, katika mtaa ambao bomba linatoa maji usiku wa manane, likitoa.

Baada ya hapo wazee wa mtaa wetu, mama wa soko na vijana wachache tulikaa nyuma ya kanisa tukaandika barua. Hatukuomba mashine wala fidia, tulijua tungechekwa. Tuliomba vitu vitatu. Kwanza, kila atakayechukua mkojo wetu aache kwa shefu wa kartie jina lake, namba ya simu na mwezi atakaorudi. Pili, akirudi, asome matokeo mbele ya watu, kwa Kiswahili, hata kama ni kusema tu kwamba bado hajui. Tatu, siku za CPN vidonge vya vitamini viwepo, na mama mwenye mume wa madini aulizwe swali hilo moja la kazi ya mume, liandikwe kwenye fishi yake.

Barua ilizungushwa ofisi tatu. Ya kwanza ilisema ni mambo ya afya. Ya pili ikasema ni mambo ya madini. Ya tatu ilitupokea vizuri, karani akatupa viti, akaisoma yote mpaka mwisho, akasema ni barua nzuri sana. Kisha akaeleza kwamba ombi la wananchi linapokelewa kwa nakala 4, kwa Kifaransa, zikiwa na saini ya mkuu wa kila familia na namba ya lupango, na kila nakala ina muhuri wake wa kulipia. Tumekusanya za nakala 2. Alhamisi tunapita tena mlango kwa mlango, na asiyekuwa na makuta aache hata saini.